KAMBA HUKATIKIA KIUNGONI!

Kama mfuko umekauka, usilie peke yako, tuko wengi kwenye foleni hiyo...

Haya, twende kazini. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Mie sina ugomvi na wahenga, wala sitaki mzee yeyote anifuate na bakora. Ila ukikaa na washkaji wanaovua kwa ndoano hapa Mwanza, kuanzia kwenye mawe ya Capri Point mpaka mwalo wa Igombe, utaona kuna neno moja wahenga walilibakiza. Mshipi haukatikii pembamba kila siku. Mara nyingi hukatikia pale mtu alipouunga!

Kwa hiyo wiki hii yale mambo yetu ya nani kamwacha nani tunayaweka kando kidogo. Tunaongea mafundo. Ndiyo, mafundo! Dada zangu wa Pamba Road najua mmeanza kununa, mnasema huyu naye kaishiwa. Msifungue ukurasa mwingine, tulieni. Humu kuna mshiko, kuna urafiki ulioponea chupuchupu, na kuna somo litakalokufaa hata kama samaki unamjua akiwa kwenye sahani tu, pembeni ugali na ndimu.

KIUNGO CHA NINI?

Kwanza tuelewane. Kwa nini mtu aunge mshipi? Si avue na uzi mmoja tu, mwanzo mwisho?

Swali zuri. Wenzetu wanaovua kwa nzi wa bandia ndo waliolifanya jambo hili kuwa elimu kamili. Umewahi kuwaona, kama si kwa macho basi kwenye filamu: mtu kasimama mtoni, fimbo ndefu mkononi, anachapa mshipi hewani kama Msukuma anayeswaga ng'ombe wasioonekana. Nzi mwenyewe si mdudu. Ni ndoano iliyovishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Sasa nzi huyo hana uzito wowote, huwezi kumrusha kama unavyorusha chubwi. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene, mzito, na mara nyingi una rangi ya kuonekana toka mbali.

Samaki akiuona mshipi huo anakula kona! Ndo maana mbele yake hufungwa kipande cha nailoni isiyoonekana kirahisi, kinachoanza kinene halafu kinapungua taratibu. Hicho wanakiita lida. Na mbele ya lida unafungwa uzi mwembamba kuliko zote, wanauita tipeti, ambao ndo unamshika nzi.

Utauliza, kwa nini tipeti isiwe sehemu ya lida moja kwa moja? Hesabu yake ni ya kibahili tu. Kila ukibadilisha nzi, unakata kipande kidogo cha uzi. Ukibadilisha mara kumi, umeshaila lida yako mpaka umefika kwenye unene, na lida nzima ni ghali. Ukiunga tipeti, unakula tipeti. Ikiisha unaunga nyingine, lida inadumu. Mambo kama soli ya kiatu: unabadilisha soli, kiatu kinabaki.

Zamani kazi ilikuwa ngumu zaidi. Kabla ya nailoni, ambayo ilibuniwa Marekani na kampuni ya DuPont mwaka 1935, lida zilitengenezwa kwa hariri iliyovutwa kutoka tumboni mwa kiwavi wa hariri. Vipande vyake vilikuwa vifupi vifupi, kwa hiyo ili upate lida moja ilibidi uunge kimoja baada ya kingine. Tena ilibidi uviloweke majini kwanza, maana ukivifunga vikavu vinakatika kama tambi. Lile fundo la damu nitakalolieleza huko chini lilikuwa likitumika tangu enzi hizo.

Na usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Trauti waliletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905, wakapandwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Na hapahapa Tanzania, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji huko bonde la Kilombero, wageni wamefunga safari za mbali kuja kumtafuta kwa nzi yule samaki mwenye meno kama msumeno. Mtu anapanda ndege mbili, anapanda na mtumbwi, kumbe uhai wa safari yake nzima unategemea fundo dogo kuliko punje ya mchele!

SISI HUKU NI KINYUME

Sasa njoo ziwani kwetu. Sangara, kama ulikuwa hujui, si mwenyeji. Alipandwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alishakuwa ndo bosi wa ziwa. Huyu si trauti wa kushikwa kwa uzi kama unywele. Kule Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000 alivuliwa mmoja kwa fimbo, mwenye kilo 104. Gunia la mahindi kamili, na chenji!

Mdomo wake hauna meno marefu ya kung'ata kama mbwa. Una meno madogo madogo yaliyojaa, ukiyapapasa ni kama msasa. Akipigana na wewe kwa muda, anausaga uzi taratibu mpaka unatoa manyoya. Mifuniko ya mashavu yake nayo ina makali, ukimshika kizembe unaondoka na kidole nusu. Kwa hiyo wakati mvuvi wa trauti anamalizia na uzi mwembamba, mvuvi wa sangara anamalizia na uzi mnene. Mshipi mrefu ni wa wastani, lakini kile kipande cha kwenye ndoano, ambako anatungwa furu au kambale mdogo wa chambo, ni nailoni ya nguvu. Kinyume kabisa!

Hapo ndo watu wanapochemsha. Maana fundo la kuunga nyuzi zinazolingana si lazima liwe fundo la kuunga uzi mnene na mwembamba. Nailoni inateleza kama kambale mkononi. Ukizifunga nyuzi mbili tofauti lile fundo la kamba za viatu, ule mwembamba unajitahidi kukaba, ule mnene unakataa kukunjika, unajinyoosha kidogo kidogo... na kidogo kidogo unajichomoa.

Ukishajichomoa umeondoka na nini? Sangara mkubwa si kitoweo tu, bwana. Minofu inakwenda kiwandani. Na lile bondo lake, yaani kile kifuko cha hewa cha tumboni, linatafutwa mpaka China na Hong Kong, na kilo ya mabondo ina bei kuliko kilo ya minofu kwa mbali tu. Kwa hiyo fundo likiachia, imeondoka kodi ya chumba, imeondoka sare ya mtoto, na pengine imeondoka mahari ya mtu!

KESI YA IGOMBE

Sasa sikia kisa. Juzijuzi nilikuwa Igombe kwa shughuli zangu, nikakuta watu wamejazana mwaloni kama kuna sinema ya bure. Katikati wamesimama vijana wawili, marafiki tangu shule ya msingi, wanaovua kwenye mtumbwi mmoja. Mmoja hushika mshipi, mwenzake hushika kasia. Siku hiyo walikuwa wanatafutana ngumi.

Ilivyokuwa ni hivi. Alfajiri walimnasa sangara, na kwamba alikuwa mkubwa ndo jambo pekee walilokuwa bado wanakubaliana. Mshika mshipi kapigana naye mpaka viganja vimechubuka. Samaki kafika karibu na mtumbwi, ubavu unaonekana, unang'aa kama sinia jipya. Mara... pwaa! Mshipi mwepesi. Jamaa kaanguka chali kwenye maji ya mtumbwini.

Alipoinuka akamwona mwenzake ana kisu mkononi. Kile kisu cha kukatia chambo! Basi ikawa kesi.

"Umekata makusudi! Tangu nikwambie nataka kununua mtumbwi wangu mwenyewe, roho yako si nzuri!"

"Naapa kwa mama yangu, kisu nilikishika nimsubiri samaki!"

Walishaanza kugawana mali. Kasia hili langu, ndoo ile yako, na ule mtumbwi tutaupasua katikati. Na pembeni, juu ya jiwe, alikaa dada mmoja mjamzito, mke wa mpiga kasia, analia kimyakimya. Siku zake zilikuwa zimekaribia, na pesa ya kujifungulia ilikuwa imeondoka tumboni mwa yule sangara.

Ndo akatokea mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, asili yake Ukerewe. Kelele zikakatika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Hebu nipeni huo mshipi."

Hakuuliza nani kasema nini. Akaikamata ncha ya mshipi, akaipandisha juu kwenye mwanga, akaizungusha kati ya vidole. Kisha akawaita wote wawili wasogee.

"Uzi ukikatwa kwa kisu," akasema, "ncha inakuwa safi, kama kucha iliyokatwa sasa hivi. Ukisagwa na mdomo wa sangara, unatoa manyoya na kukwaruzika. Sasa huu wenu ukoje? Semeni wenyewe."

Na sisi wengine tukachungulia. Ncha ya mshipi haikuwa safi, wala haikuwa na manyoya. Ilikuwa imejiviringa vizuri kama mkia wa kinyonga!

"Huu haukukatwa," mzee akasema. "Wala haukukatika. Huu umechomoka kwenye fundo, na mikunjo ya fundo bado iko hapa. Nani alifunga?"

Kimya. Mshika mshipi akaanza kuhesabu vidole vyake vya miguu.

"Mimi, babu."

"Basi mwache mwenzako na kisu chake."

Ungedhani jamaa angetafuta la kujitetea. Hakutafuta. Alimgeukia mwenzake, akamwomba radhi mbele ya watu wote, na mwenzake, ambaye dakika kumi kabla alikuwa anataka kupasua mtumbwi, akasema yaishe. Wavuvi wengine wakampitishia kofia yule dada, kila mtu akatoa alichokuwa nacho. Samaki hakurudi, lakini mtumbwi ulirudi majini ukiwa na watu walewale wawili.

Kabla hawajaondoka mzee aliwakalisha chini akadai nailoni. Nami nikavuta jiwe nikakaa. Niliyoyaona pale, na niliyoyachimba baadaye kwa watu wa fimbo, ndo haya nakuletea.

MAFUNDO MANNE YA KUJUA

Tafuta nailoni mbili, moja nene moja nyembamba, kaa penye mwanga, ujaribu huku unasoma. Fundo halijifunzwi kwa macho.

La kwanza, fundo la daktari. Wazungu wanaliita fundo la daktari wa upasuaji. Ndo rahisi kuliko yote, na ndo nakushauri uanze nalo. Laza nyuzi mbili sambamba, zipishane kama shibiri moja, ncha moja ikielekea kulia na nyingine kushoto. Sasa zishike zote mbili kama vile ni uzi mmoja, fanya kitanzi. Ndani ya kitanzi hicho pitisha ile ncha fupi ya mshipi pamoja na kipande chote cha uzi wa mbele. Pitisha tena mara ya pili. Lowesha kwa mate, kisha vuta ncha zote nne kwa pamoja, polepole. Limeisha! Linashika vizuri hata nyuzi zikitofautiana unene, na ukipitisha mara tatu linashika zaidi. Tatizo lake ni moja: kipande chote cha mbele lazima kipite kitanzini, kwa hiyo ndoano ifungwe baadaye, siyo kabla.

La pili, fundo la damu. Hili ndo la mabrazameni: jembamba, limenyooka, linapita kwenye pete za fimbo bila kukwama. Pishanisha nyuzi mbili kama alama ya kuzidisha. Ncha ya kwanza izungushe kwenye uzi wa pili mara tano, kisha irudishe katikati, uipitishe kwenye uwazi pale nyuzi zilipokutana. Upande wa pili fanya hivyohivyo, na ncha yake ipite kwenye uwazi uleule, ila ikitokea upande wa pili. Lowesha, vuta nyuzi zote mbili polepole, utaona mizunguko inajipanga yenyewe kama springi ya kalamu. Raha tupu! Lakini sikia: linataka nyuzi zinazokaribiana unene. Uzi mmoja ukiwa mnene mara mbili ya mwenzake, achana nalo. Kwa trauti safi sana, kwa ncha nene ya sangara utalia.

La tatu, yuni mbili. Yuni ni fundo linalotumika sana kufungia ndoano. Hapa unafunga mawili yanayotazamana. Laza nyuzi sambamba, zipishane zaidi ya shibiri. Ncha ya uzi wa kwanza ikunje ifanye kitanzi kando ya nyuzi zote mbili. Kisha ncha hiyo izungushe ndani ya kitanzi, huku ikizikumbatia nyuzi zote mbili, mara nne au tano. Kaza kiasi. Geukia upande wa pili ufanye vivyo hivyo kwa ncha ya pili. Sasa una mafundo mawili yanayoangaliana kwa mbali kama wachumba siku ya kwanza. Lowesha, kisha vuta nyuzi mbili ndefu. Mafundo yatasogeleana mpaka yabanane, hapo tena hayaachani! Ukiwa na unene tofauti, uzi mnene uzungushe mara tatu tu, ule mwembamba mara tano au sita. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kupitisha kipande kizima popote, unaweza kuunga hata kama uzi wa mbele bado uko kwenye rili yake.

La nne, vitanzi viwili. Hili ni la mtu mwenye haraka au anayevua gizani. Kila uzi unautengenezea kitanzi mwishoni ukiwa bado nyumbani: kunja uzi uwe maradufu, kisha huo maradufu ufunge fundo la kawaida, ila upitishe mara mbili. Ukiwa majini kazi inabaki ndogo. Ingiza kitanzi cha mshipi ndani ya kitanzi cha uzi wa mbele, halafu mwisho wa huo uzi wa mbele upitishe ndani ya kitanzi cha mshipi, uvute. Vikikaa sawa, vitafanana na viganja viwili vilivyoshikana. Vikikaa vibaya, kimoja kitakuwa kimemkaba mwenzake shingo. Vua, rudia. Kasoro yake ni kwamba kiungo chake ni kikubwa, kinapenda kubeba majani, na sisi huku kwa magugu maji hatujambo!

Kuna na wale wanaotumia pete. Wavuvi wa nzi wana kapete kadogo sana ka chuma, kanalala kwenye ncha ya kidole. Lida inafungwa upande mmoja, tipeti upande mwingine. Kwa sangara wengi hutumia kile kiungo cha chuma kinachozunguka, ambacho kinasaidia pia mshipi usijisokote. Ni jambo zuri, maana unene tofauti hausumbui tena. Ila usijidanganye kwamba umekwepa mafundo. Badala ya fundo moja, sasa unayo mawili!

MATE, SUBIRA NA NDOO

Unaweza ukalijua fundo vizuri na bado ukaliharibu wakati wa kukaza. Nailoni kavu ikisuguana na nailoni inapata joto, na joto linaila nguvu yake. Ndo maana kila fundo hapo juu nimesema lowesha. Mate yako hayauzwi, usiyafanyie ubahili.

Kaza polepole. Wengi wetu tunapenda kuvuta kwa kishindo, kana kwamba fundo ni ugomvi. Ukivuta kwa kishindo mizunguko inapandana, mmoja unamkata mwenzake. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, limejengwa kwa miaka, na kazi yake ni kuunga ng'ambo mbili tu. We fundo lako unalipa sekunde tatu!

Ncha zinazobaki kata kwa mkasi wa kucha, uache mabaki kidogo sana, kama milimita 2. Usikate kwa meno. Meno yana kazi nyingine, na huyo binti unayemfukuzia Kirumba hatafurahi kuona pengo.

Halafu lipime. Hapa hakuna haja ya mashine. Funga mshipi kwenye tawi imara, mbele yake unga uzi wa pili, chini yake ning'iniza ndoo ya lita 20, karibu na ardhi isije ikakuvunja mguu. Anza kumimina maji lita moja moja. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo unajua kabisa umefika wapi. Endelea mpaka ndoo iporomoke, kisha okota ncha usome kama alivyosoma yule mzee. Ikiwa imejiviringa, fundo limechomoka, jifunze upya. Ikiwa imekatika palepale kwenye fundo, jaribu fundo lingine uone nani kabeba lita nyingi. Na usishangae ukiona fundo moja la kawaida, lile linalojifunga lenyewe uzi ukisokotana, linakula karibu nusu ya nguvu ya uzi mzima. Ukiliona kwenye mshipi wako usiseme nitalifungua jioni. Kata, unga upya.

Kwa mvuvi wa nzi ikishakuwa hivyo, wahenga wanapata haki yao. Kiungo kikiwa kizima, samaki akizidi nguvu, uzi unakatikia pembamba, kwenye tipeti, tena karibu na ndoano. Umepoteza nzi mmoja na uzi kidogo. Lida imerudi nyumbani, mshipi umerudi nyumbani. Kumbe msemo ulikuwa sahihi, ila una sharti: kwanza ufunge vizuri!

Mawili ya haraka kabla hatujaachana. Ukimnasa sangara aliye chini ya sentimita 50, sheria hairuhusu kumchukua, mrudishe akue. Huo ndo uzuri wa ndoano, unamvuta samaki mmoja na kuna nafasi ya kumwachia akiwa hai. Nailoni hiyohiyo ikifumwa ikawa wavu wa timba ni marufuku, na unajua kwa nini. Na vipande unavyokata usivitupe majini wala kwenye mawe. Haviozi. Ndege wanaovua pale Capri Point wananasa miguu yao humo. Weka mfukoni, ukatupe kwenye pipa nyumbani.

Na nyie msiovua, mnaosubiri niwaambie somo lenu liko wapi, liko palepale Igombe. Siku mambo yenu yakikatika, iwe biashara ya wawili, iwe uchumba, iwe chumba mlichopanga pamoja, usikimbilie kuangalia nani ana kisu. Shika ncha kwanza, uipandishe kwenye mwanga. Huenda hakuna aliyekata. Huenda mlifunga kavu, mkafunga haraka, mkafunga nene na nyembamba kwa fundo la kamba za viatu. Na hilo, tofauti na usaliti, linafungika upya.

Mwenye fundo lake la ukoo alilorithi kwa babu, alilete kijiweni. Ndoo ya lita 20 ninayo, maji yapo, tutapima mbele ya mashahidi. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: yupo jamaa mmoja kaposa nyumba mbili mtaa mmoja, na barua zote mbili zimeandikwa na mimi!

Wasalaam.